Tulisimama Juu ya Mlima wa Mizeituni

Mwaka 2019 Bwana alitujalia sisi akina mama kumi na wawili wa kanisa letu kufika Yerusalemu. Asubuhi ya kwanza tulipanda Mlima wa Mizeituni. Chini yetu lilikuwa bonde la Kidroni, na ng'ambo yake ukuta wa mji wenye Lango la Dhahabu, lililozibwa kwa mawe tangu karne ya 16.

Mteremko umejaa makaburi ya Wayahudi. Wamelazwa miguu ikielekea mahali palipokuwa na hekalu, wakingoja ufufuo. Juu ya makaburi watu huweka vijiwe badala ya maua.

Hapo kiongozi wetu alitufungulia Zekaria 14:4, kwamba miguu ya Bwana itasimama juu ya mlima huo. Alifundisha kama alivyofundisha John Nelson Darby katika karne ya 19, mafundisho yaliyoenezwa na Biblia ya Scofield ya mwaka 1909: kwamba Israeli na Kanisa si kitu kimoja, na kwamba Kristo atarudi kabla ya ile miaka elfu ya Ufunuo 20, atawale kutoka Yerusalemu. Agano na Ibrahimu, alisema, halina masharti, maana katika Mwanzo 15 ni Mungu peke yake aliyepita kati ya vile vipande vya nyama. Tulishangilia.

Mchana tulikwenda Bethlehemu. Mama mmoja Mpalestina, Mkristo mwenzetu, alikuwa akiuza misalaba ya mti wa mzeituni. Tulimsimulia tuliyojifunza. Alisikiliza kwa upole, kisha akauliza: "Katika ufalme huo, mimi na wanangu tuna mahali?"

Tulinyamaza.

Usiku hatukulala mapema. Baadhi yetu walishikilia mafundisho ya asubuhi. Wengine walitaja Wagalatia 3:29, kwamba walio wa Kristo ndio uzao wa Ibrahimu. Hatukupatana. Lakini tulipoirudia Mwanzo 12:3, sote tuliona kwamba agano hilohilo linataja baraka kwa jamaa zote za dunia.

Kesho yake tulimrudia yule mama, tukamsomea mstari huo, tukamwomba radhi kwa kunyamaza kwetu. Alitupikia kahawa, tukaomba pamoja.

Akina mama wapendwa, tuungoje ufalme kwa furaha. Ila tunapohesabu majira ya Mungu, tusimsahau dada aliyesimama mbele yetu.