Ukipita Luthuli Avenue, Tafuta na Feni

Ukiacha Tom Mboya Street na kushika Luthuli Avenue kuelekea River Road, utaisikia barabara kabla hujaiona vizuri. Kila duka limetoa spika mlangoni, na kila spika inashindana na ya jirani. "Bosi, unatafuta nini?" wanakuuliza vijana, na hujajibu umeshashikwa mkono. Tangu barabara hii itengenezwe upya mwaka wa 2019 na njia za waendao kwa miguu kupanuliwa, angalau waweza kusimama ukafikiri. Jina lake ni la Chifu Albert Luthuli wa Afrika Kusini, Mwafrika wa kwanza kutunukiwa Tuzo ya Nobel ya Amani, ile ya mwaka wa 1960.

Pengine umekuja kwa sababu kompyuta ya nyumbani imeanza kujizima, na mtoto amepoteza kazi yake ya shule mara mbili. Fundi amekwisha sema ni bodi, na bei aliyoitaja imekunyima usingizi. Kabla hujalipa, shuku feni. Feni iliyojaa vumbi huzunguka bado, lakini polepole, joto likapanda na mashine ikajizima isiungue. Jicho halitakusaidia, kwani mizunguko 1,200 na 2,000 kwa dakika huonekana kivuli kile kile.

Ingia basi katika vile vibanda vya ndani, ambako vipuri huuzwa kimoja kimoja. Omba kibao cha Arduino Uno, rezista ya ohmu 10,000 na nyaya chache. (Arduino ilizaliwa mjini Ivrea, Italia, mwaka wa 2005, kwa ajili ya wanafunzi, na jina ikalipata kwenye baa ya huko.)

Feni ya nyaya mbili haina habari ya kukupa. Zile za nyaya tatu au nne kwa kawaida hutoa mapigo mawili kila zinapozunguka mara moja. Lakini usiamini rangi! Katika feni nyingi za nyaya tatu, waya wa manjano ndio wa mapigo. Katika nyingi za nyaya nne, manjano hubeba volti 12. Mimi niliunguza kibao kwa kosa hilo, na nauli ya kurudi Luthuli ikawa karo yangu. Hesabu nafasi kwenye plagi ukianzia waya mweusi: wa kwanza ni hasi, wa pili volti 12, wa tatu mapigo.

Ipe feni volti 12 kutoka kwa adapta, wala si kibaoni, kisha unganisha hasi ya adapta na hasi ya kibao. Waya wa mapigo uende pini nambari 2, na rezista iunganishe pini hiyo na volti 5. Bila rezista huenda usisome kitu cha maana, kwa kuwa feni hujua kuuvuta waya chini tu, haijui kuupandisha. Programu fupi ihesabu mapigo ya sekunde moja. Ukipata 40, gawanya kwa 2, zidisha kwa 60: mizunguko 1,200. Ikiwa mtengenezaji aliahidi 2,000, huenda bodi yako haina hatia.

Ishike feni isizunguke, ipanguse vumbi kwa brashi, upime tena. Ikikataa kupanda, rudi kwa wale vijana ununue nyingine ya kimo kile kile, na kabla hujatoa pesa uulize ina nyaya ngapi.