Kabla ya kuweka mtaji, uliza watu walipika nini jana



Hapa Mulungwishi neno "utafiti" tumewaachia wanafunzi. Chuo Kikuu cha Methodisti cha Katanga kiko kwetu, na tumezoea kuona vijana wakipita nyumba kwa nyumba na karatasi za maswali, wakitafuta kumaliza kazi yao ya mwisho wa masomo. Tunawapa kiti, tunawajibu, wanaenda. Hatuwazi kama kazi ile ingeweza kumfaa mama anayeuza unga kando ya barabara ya Kolwezi. Mimi pia sikuwaza hivyo, mpaka siku magunia yangu 3 ya maharagi yalipoliwa na wadudu ndani ya nyumba.

Ninawaeleza jambo hili kwa sababu wengi kati yenu, na zaidi ninyi muliohama makwenu mukaanza upya huku, munashika mtaji mdogo mkononi na hamuna wa pili.

Mwaka 2023 zamu yetu ya likelemba ilifika, mimi na bibi yangu. Nikaona kule Likasi maharagi yanaenda vizuri. Sikutaka kukimbia kama kipofu, nikasema niulize watu kwanza. Siku ya yenga nikasimama nje ya kanisa, nikauliza watu karibu 30: "Nikileta maharagi ya muzuri hapa karibu, mutanunua?" Wote wakajibu ndiyo. Hata mmoja hakusema hapana. Nikarudi nyumbani na furaha, na juma lile lile nikanunua magunia 3.

Mwezi wa kwanza niliuza chini ya nusu gunia. Wanafunzi wakaenda likizo, wateja wakapungua tena. Mvua ikaanza, nyumba ikashika unyevu, na wadudu wakafanya kazi yao.

Kwa muda mrefu nililaumu watu: waliniahidi, wakanidanganya. Sasa ninajua kosa lilikuwa langu. Niliuliza, lakini niliuliza vibaya mara 3.

Kosa la kwanza ni swali lenyewe. Kwetu mtu hamvunji mwenzake moyo usoni. Ukimuuliza ndugu kama atanunua kwako, atasema ndiyo kwa heshima, kama vile mgeni anavyosema ameshiba hata akiwa na njaa. Ile "ndiyo" ilikuwa adabu, mimi nikaihesabu kama feza.

Kosa la pili ni wale niliowauliza. Wengi wa pale kanisani wana mashamba na wanavuna maharagi yao. Wale wanaonunua chakula kila siku sikuwafikia: wenye kupanga nyumba, wanafunzi, familia zilizohama.

Kosa la tatu: niliuliza juu ya kesho. Kesho hakuna anayeijua. Jana kila mtu anaijua, hata na bei yake.

Mambo haya sikuyafundishwa na kitabu. Nilifundishwa na mama mmoja aliyehama na watoto wake 4. Siku moja alipita nyumbani, akaona magunia. Nikamlalamikia kwamba watu hawapendi maharagi. Akacheka kidogo, akasema: "Papa, tunayapenda sana. Lakini maharagi inakula makala kuliko sisi tunakula maharagi."

Nikanyamaza. Sufuria ya maharagi inakaa juu ya moto saa nyingi. Mtu anayenunua makala ya kupimia, kidogo kidogo, atapika kitu cha kuiva haraka: lengalenga, ndakala, bukari. Watu 30 walinipa "ndiyo" 30, na hakuna hata mmoja aliyeniambia neno hilo, kwa sababu sikuuliza swali lililoweza kulitoa.

Mama huyo alikuwa na zamu yake ya likelemba mbele, na mtoto mkubwa alikuwa anangoja minervali ya sekondari. Feza ile ikipotea, mtoto anabaki nyumbani. Kwa hiyo alifanya tofauti na mimi. Alizunguka kwa majirani 20 na kuuliza maneno 3 tu: Jana mulipika nini? Mulinunua wapi? Makala ya ngapi? Hakusema anataka kuuza kitu, ili watu wasimjibu kwa huruma. Kati ya nyumba 20, ni 2 tu zilizokuwa zimepika maharagi juma lile.

Mtu mwingine angesema: basi, maharagi tuyaache. Yeye aliona kwamba kinachokosekana ni moto. Moto mmoja wa sufuria kubwa unaweza kutumikia nyumba nyingi. Akafikiria kuuza maharagi yaliyokwisha kuiva, kwa kikombe.

Lakini hakununua gunia. Alinunua kilo 2 kwangu, kati ya yale yaliyobaki mazima, akajaribu siku 7. Aliweka makopo 2 kando yake: kila aliyenunua, punje moja ya mahindi kopo hili, kila aliyesimama, akauliza bei na kuenda, punje moja kopo lile. Jioni alihesabu, akaandika katika kaye ya mtoto. Siku ya tatu kaye ikamwonyesha kwamba saa sita mchana anapoteza moto bure. Watu wananunua kuanzia saa kumi na moja, wakirudi nyumbani. Akabadilisha saa. Siku ya saba sufuria iliisha kabla ya giza.

Si hadithi ya utajiri. Mwezi mmoja makala yalipanda na faida ikaenda karibu yote. Lakini aliliona kwenye kaye siku ya tatu, si mwisho wa mwezi, akapunguza kipimo cha kikombe mapema. Mtoto anasoma.

Musifikiri njia hii ni ya wadogo tu. M-Pesa tunayotumia kupokea feza ya ndugu ilizaliwa hivyo. Mwaka 2005 Safaricom ya Kenya na Vodafone ya Uingereza walianza jaribio na wateja wa Faulu Kenya, shirika la mikopo midogo. Walidhani watu watatumia simu kulipa mikopo yao. Walipoangalia wateja wale wachache wanafanya nini hasa, wakaona wanaitumia kutumiana feza wao kwa wao. Basi walibadilisha mpango, na Machi 2007 wakafungua M-Pesa kwa wote kama njia ya kutuma feza nyumbani. Kwetu Kongo Vodacom iliileta mwaka 2012. Kampuni kubwa yenye mtaji ilikubali kujaribu kidogo kwanza. Sisi wenye likelemba moja, ni nani ametupa ruhusa ya kuruka?

Hata kusikiliza habari ni sehemu ya kazi hii. Tarehe 29 Februari 2024 rais wa Zambia alitangaza ukame kuwa janga la taifa. Sisi wa Katanga tunakula mahindi mengi ya Zambia. Muuza unga aliyesikia habari ile na kuiandika alipata miezi ya kujipanga. Agosti mwaka ule ule Zambia ikafunga mpaka kwa siku chache, na Kasumbalesa ikanyamaza. Asiye na akiba alishikwa mikono mitupu.

Ninajua ninyi muliohama mumechoka kuulizwa. Watu wanakuja na karatasi, wanaandika majina, idadi ya watoto, wanaenda, na mara nyingi jibu halirudi. Lakini katika jambo hili mtafiti ni wewe, na jibu linabaki mkononi mwako. Uliza jana, si kesho. Uliza wale watakaonunua, si wale wanaokupenda. Jaribu kilo 2 mbele ya gunia. Hesabu kila jioni, hata kwa punje za mahindi kama hujui kuandika.

Mimi bado nina gunia moja tupu la mwaka ule. Bibi yangu analitumia kuwekea makala, na kila ninapotaka kuanza biashara mpya ananiambia: "Kwanza enda uulize walipika nini jana."