Gorogoro ya Mama

Sisi tumelelewa Eastlands, Nairobi, na mizani ya mtaa wetu ilikuwa gorogoro, ule mkebe wa kilo mbili uliokwisha mafuta ya kupikia. Muuzaji akishaujaza mahindi, Mama aliugonga ubavuni mara mbili kwa kifundo cha kidole. Mahindi yakashuka, pengo likaonekana juu. Halafu alinyamaza tu, akimtazama muuzaji usoni hadi aongeze konzi moja. Konzi ile ndiyo uji wetu wa asubuhi.

Siku hizo njaa ilikuwa siri ya nyumba. Ukikosa, unafunga mlango. Sikuwahi kumsikia mtu mzima akiuliza serikali inasemaje kuhusu unga.

Katiba ya 2010 ilipokuja, kaka yangu alimsomea Mama Ibara ya 43: kila mtu ana haki ya kutokuwa na njaa. Mama aliomba asomewe tena. Mwaka uliofuata watu waliandamana mjini wakidai unga ushuke bei. Mwaka 2015 kaunti ikapitisha sheria ya kuendeleza kilimo cha mjini, na sukuma wiki ya kwenye magunia ikawa na pa kujitetea.

Kisha ikaja 2017. Miezi michache kabla ya uchaguzi, ruzuku ya serikali ikashusha bei ya pakiti ya unga ya kilo mbili hadi shilingi 90. Nilipanga foleni tangu alfajiri, nikapewa pakiti mbili, basi. Nilishukuru, lakini niliumia pia: kumbe iliwezekana! Mwaka 2022, wiki chache kabla ya kura, ruzuku ikarudi, safari hii shilingi 100. Baada ya kura ikaondolewa. Wanaokula ugali kila siku hawali kwa kalenda ya uchaguzi. Ndiyo maana sikushangaa 2024, pendekezo la VAT ya asilimia 16 kwenye mkate lilipokuwa miongoni mwa mambo yaliyowatoa vijana barabarani.

Siku hizi binti ya kaka yangu anakula shuleni, kwenye mpango wa Dishi na County, kwa shilingi 5. Anagusisha bangili yake kwenye kimashine, anapokea sahani.

"Shangazi, jana tulipewa wali na ndengu," aliniambia akimwonyesha nyanya yake ile bangili.

Mama aliigeuza polepole mkononi, akaigonga kwa kifundo cha kidole.

"Na shule zikifungwa," aliuliza, "hii inamlisha wapi?"