Ukurasa wa Mita

Msomaji, mita ya umeme ni karani asiyelala. Huhesabu usiku na mchana, wala hachoki, wala hapendelei mtu. Lakini ana upungufu mmoja: huonyesha jumla tu, na ya leo huifuta ya jana. Mtu aitazamapo huiona namba, asijue imetoka wapi. Nataka kukueleza jinsi namba hizo zigeuzwavyo kuwa habari, na jinsi habari hiyo iwezavyo kumwokoa asiye na hatia.

Kwanza yafaa tujue kipimo. Uniti moja ya umeme ni wati 1,000 zilizotumika kwa muda wa saa moja. Taa 50 za wati 40 kila moja, zikiwaka kwa saa 7, hula uniti 14.

Mimi ni mwalimu katika chuo cha ualimu. Gharama ya umeme ilipopanda chuoni, lawama zote ziliwaangukia wapishi, maana jiko lao ndilo lililoonekana likifanya kazi zaidi. Nao hawakuwa na la kujibu, kwa kuwa neno la mmoja mbele ya wengi halina uzito. Nikawaambia wanafunzi wangu kwamba kabla ya kuhukumu tupime. Kwa siku 14 waliisoma mita saa nne usiku, jiko likiwa limekwisha kufungwa, na tena saa kumi na moja alfajiri, kabla ya kufunguliwa. Kisha tukaunda ukurasa wa intaneti wa kuzionyesha hesabu hizo kwa chuo kizima.

Ukurasa wa namna hiyo huundwa kwa lugha tatu. Ya kwanza ni HTML, iliyoanzishwa na Tim Berners-Lee alipokuwa CERN, karibu na Geneva. Hiyo ndiyo mifupa: huiambia kompyuta kuwa hiki ni kichwa cha habari, hii ni aya, na hili ni jedwali. Ya pili ni CSS, iliyopendekezwa na Håkon Wium Lie mwaka 1994. Hiyo ni vazi: hupanga rangi, nafasi na ukubwa wa herufi. Ya tatu ni JavaScript, iliyobuniwa na Brendan Eich mwaka 1995. Hiyo ni mikono: huzichukua namba za mita, huitoa ya usiku katika ya alfajiri, na huichora tofauti kwa nguzo ndefu au fupi. Namba zenyewe hukaa katika faili ya peke yake, ili za kesho ziongezwe bila ya kuandika ukurasa upya.

Basi nguzo za usiku zilisimama mbele ya macho ya wote. Jiko lilikuwa limefungwa, na umeme uliendelea kuliwa. Wanafunzi walizunguka usiku wakakuta taa za madarasa matupu zikiwaka. Tangu siku ile hakuna aliyewataja wapishi tena.

Hata hivyo, jihadhari. Mchoro waweza kusema uongo kwa namba za kweli. Ikiwa siku moja zilitumika uniti 100 na siku ya pili 105, tofauti ni ndogo. Lakini mchoraji akizianzisha nguzo zake katika 99 badala ya sifuri, nguzo ya pili itakuwa mara sita ya ile ya kwanza, na mtu ataonekana mbadhirifu bila ya kosa. Kwa hiyo zianzishe nguzo katika sifuri, taja kipimo, na andika tarehe na saa ya kila namba.

Nchini Marekani, mwaka 2012, ulianza mpango uitwao Green Button, unaowawezesha wateja wa umeme kuzipata kwa kompyuta hesabu za matumizi yao wenyewe. Wewe huna haja ya kungoja mpango. Chukua daftari, uisome mita ya nyumbani kwenu kila jioni kwa saa ile ile. Ikiwa ni ya kulipia kabla, andika uniti zilizobaki, na usisahau kuandika zilizonunuliwa. Baada ya majuma mawili utakuwa na namba za kutosha ukurasa wako wa kwanza. Na siku lawama itakapozuka nyumbani, utakuwa na jambo la kuonyesha.