Kama Nathani Angekwenda Washington



Ndugu msomaji, katika ukumbi wetu wa mapumziko hapa seminarini hakuna jambo linalotugawa kama siasa za Marekani. Taarifa ya habari ya saa mbili usiku ikiisha, mafrateri tayari tumeshakuwa kambi mbili. Kambi moja inakitetea chama cha Republican kwa sababu wengi ndani yake wanapinga utoaji mimba. Nyingine inakitetea chama cha Democratic kwa sababu wengi ndani yake wanawasemea wahamiaji na maskini. Hatuna kura hata moja kule, lakini ukitusikiliza utadhani kila mmoja ana kadi ya chama mfukoni. Juzi frateri mmoja wa mwaka wa tatu aliniuliza waziwazi, "Frateri, kwani wewe uko upande gani?" Nilimwambia nitamjibu kwa maandishi. Jibu lenyewe ndilo hili.

Naanza na nabii Nathani, ambaye habari zake tunazisoma katika Kitabu cha Pili cha Samweli, sura ya 12. Mfalme Daudi alikuwa amemchukua mke wa Uria, kisha akapanga Uria auawe vitani. Nathani hakumwendea na lawama. Alimpelekea kesi: tajiri mwenye mifugo tele amempokonya maskini mwanakondoo wake mmoja tu ili amwandalie mgeni. Daudi akawaka hasira na kusema mtu wa namna hiyo anastahili kufa. Ndipo Nathani akamwambia kwamba mtu huyo ni yeye mwenyewe.

Tazama alichofanya nabii: alificha jina. Jina lilipofichwa, Daudi aliiona dhambi vizuri kabisa. Dhamiri yake ilikuwa bado inafanya kazi. Kilichokuwa kimeipofusha ni kwamba mhusika alikuwa mtu anayempenda mno, yaani yeye mwenyewe. Wahenga walishaliona hilo waliposema kwamba ukipenda, chongo huita kengeza.

Tangu nianze somo la falsafa ya maadili, kisa hiki kimekuwa kipimo changu. Ficha jina la mtu au la chama, toa hukumu, kisha fungua jina. Hukumu ikibadilika, ulikuwa shabiki tu. Immanuel Kant alilisema jambo linalokaribiana na hili kwa lugha ngumu zaidi: kanuni ya tendo lako iwe ile unayoweza kutaka iwe sheria kwa watu wote. Nathani aliwahi kulisema kwa hadithi ya mwanakondoo.

Sasa tumpeleke Nathani Washington.

Februari 2016 alifariki Jaji Antonin Scalia wa Mahakama ya Juu ya Marekani. Rais Barack Obama, wa chama cha Democratic, alimteua Merrick Garland kushika nafasi hiyo. Maseneta wa Republican, ambao ndio waliokuwa wengi, wakakataa hata kumsikiliza. Hoja yao ilikuwa kwamba huu ni mwaka wa uchaguzi, wananchi waamue kwanza. Wademocrat wakapiga kelele kwamba Katiba inalitaka Seneti litimize wajibu wake bila kusubiri uchaguzi. Garland alikaa miezi mingi akisubiri, na nafasi ile hakuipata.

Septemba 2020 akafariki Jaji Ruth Bader Ginsburg. Safari hii rais alikuwa Donald Trump wa Republican, na uchaguzi ulikuwa umebakiza wiki sita hivi. Warepublican walewale wakamthibitisha Amy Coney Barrett tarehe 26 Oktoba, siku nane kabla ya siku ya kupiga kura. Na Wademocrat walewale wakasema sasa tusubiri, wananchi waamue kwanza. Kila upande ulikuwa umeokota hotuba ya mwenzake ya miaka minne iliyopita na kuisoma kana kwamba ni yake. Warepublican walijitetea kwamba mwaka 2016 rais na Seneti walikuwa wa vyama tofauti. Utetezi huo upo, lakini ukificha majina ya vyama, je, ungebaki na nguvu?

Mtu atasema hao ni wanasiasa, wananchi wa kawaida ni tofauti. Takwimu zinakataa. Mwaka 2013 Obama alipotaka kuishambulia Syria kwa sababu ya silaha za kemikali, kura ya maoni ya gazeti la Washington Post na televisheni ya ABC ilionyesha kwamba asilimia 22 tu ya Warepublican walikubali. Mwaka 2017 Trump alipoishambulia Syria kwa sababu hiyohiyo, asilimia 86 ya Warepublican walikubali. Kabla kambi ya pili haijacheka, isikilize na hii. Mwaka 2006, chini ya Rais George W. Bush, kura ya maoni iliuliza kama ni sawa serikali kuchunguza mawasiliano ya simu ili kuwasaka magaidi. Asilimia 37 ya Wademocrat walisema ni sawa. Mwaka 2013, chini ya Obama, kituo cha utafiti cha Pew kiliuliza swali linalokaribiana na hilo, na Wademocrat waliosema ni sawa wakafika asilimia 64.

Neno la Kigiriki ambalo Injili hulitumia kwa wanafiki lilikuwa kwanza neno la mwigizaji wa jukwaani, mtu anayevaa sura isiyo yake. Mtakatifu Thoma wa Akwino naye anatusaidia kutenganisha mdhambi na mnafiki. Kila mnafiki ni mdhambi, lakini si kila mdhambi ni mnafiki. Anayeanguka na kusema nimeanguka si mnafiki. Mnafiki huvaa vazi la mwadilifu ambalo si lake. Ndiyo maana unafiki wa kichama ni hatari kuliko ubishi wa kawaida: unatumia maneno matakatifu kama haki, katiba, uhai na uhuru, na kila yakitumika hivyo yanachakaa.

Tukitoka nje ya mipaka ya Marekani tunakutana na jambo la kushangaza. Ndani, vyama viwili havipatani hata juu ya mwaka wa kumteua jaji. Nje, mara nyingi vinaimba wimbo mmoja. Machi 2023 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilitoa hati ya kumkamata Rais Vladimir Putin wa Urusi. Rais Joe Biden alisema hati hiyo ina msingi, ingawa Marekani si mwanachama wa mahakama hiyo. Novemba 2024 mahakama hiyohiyo ikatoa hati ya kumkamata Waziri Mkuu Benjamin Netanyahu wa Israeli. Biden huyohuyo akailaani vikali. Trump wa Republican alikuwa ameshamwekea vikwazo mwendesha mashtaka wa mahakama hiyo mwaka 2020, kwa sababu ya uchunguzi uliowagusa Wamarekani nchini Afghanistan, na mwaka 2025 akaiwekea vikwazo tena. Nyumbani jina linalobadilisha hukumu ni chama; ugenini ni taifa na rafiki wa taifa. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Jambo hili kwangu si la vitabuni tu. Mimi ni mzaliwa wa Ngara, nimezaliwa miaka michache baada ya mauaji ya kimbari ya Rwanda ya mwaka 1994. Bibi yangu mzaa mama alinisimulia juu ya maiti zilizokuwa zikishuka na maji ya mto Kagera. Alinisimulia pia siku zile za mwisho wa Aprili, watu takriban 250,000 walipovuka daraja la Rusumo kwa muda wa siku moja hivi na kujaa Benaco. Wengi walikuwa wanakimbia vita. Na kati yao walikuwamo waliokuwa wamewaua majirani zao.

Nilipokua nikasoma yaliyokuwa yakiendelea Washington wakati huo. Aprili 1993 Rais Bill Clinton, wa Democratic, alikuwa amezindua jumba la makumbusho ya mauaji ya Wayahudi, akihimiza dunia isisahau. Mwaka mmoja baadaye maofisa wa serikali yake walikuwa wakipindapinda maneno, wakisema yapo "matendo ya mauaji ya kimbari" lakini wakikwepa kuyaita mauaji ya kimbari, kwa hofu kwamba jina hilo lingewadai wachukue hatua. Na chama cha upinzani je? Kiongozi wa Warepublican katika Seneti, Bob Dole, alisema kwamba kwa kuwa Wamarekani wameshaondolewa Rwanda, kwake jambo liishie hapo. Vyama vilipatana, na Watutsi wakaendelea kufa. Mwaka 1998 Clinton alifika Kigali akakiri kwamba hawakuchukua hatua haraka ya kutosha na hawakuyaita mauaji yale kwa jina lake. Kukiri kule kulikuwa kwema. Bibi yangu alikuwa ameshayaona mengi kabla ya kukiri huko.

Hata hivyo kipimo cha Nathani kinatubana na sisi tunaopenda kuishutumu Marekani. Mwaka 2003 Rais George W. Bush aliivamia Iraki bila idhini ya Baraza la Usalama, akipuuza ombi la Mtakatifu Yohane Paulo II, ambaye alimtuma Kardinali Pio Laghi kwake mwezi Machi kumsihi. Silaha za maangamizi zilizotajwa hazikupatikana. Mwaka huohuo, Bush huyohuyo alianzisha mpango wa PEPFAR, ambao umewapatia mamilioni ya watu dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI, wakiwemo Watanzania tunaosali nao kila Jumapili. Shabiki wake huikumbuka PEPFAR na kuisahau Iraki. Mpinzani wake hufanya kinyume. Mwenye haki anavikumbuka vyote viwili.

Vivyo hivyo Urusi ilipoivamia Ukraine mwaka 2022, nilisikia wengi wetu wakisema, "Mbona Marekani nayo ilivamia Iraki?" Swali hilo ni halali kwa Marekani. Lakini mama wa Ukraine aliyeangukiwa na nyumba yake hakuivamia Iraki. Tukitumia unafiki wa mkubwa mmoja kuifunika dhambi ya mkubwa mwingine, na sisi tumehukumu kwa jina.

Kinachoniumiza zaidi ni kwamba ugonjwa huu umeingia hadi ndani ya Kanisa. Wapo Wakatoliki kule Marekani wanaomlilia mtoto aliye tumboni na kumnyamazia yule anayetenganishwa na baba yake kwa sababu ya kufukuzwa nchini. Wapo wanaomlilia wa pili na kumnyamazia wa kwanza. Kardinali Joseph Bernardin wa Chicago alilieleza jambo hili mwaka 1983, alipofundisha kwamba utetezi wa uhai ni kama vazi lisilo na mshono, kuanzia tumboni hadi kaburini. Alikosolewa na pande zote mbili. Septemba 2025 Baba Mtakatifu Leo wa XIV, mzaliwa wa Chicago hiyohiyo, aliwaambia waandishi wa habari jambo linalofanana na hilo: anayepinga utoaji mimba huku akikubali adhabu ya kifo, au akikubali wahamiaji watendewe kinyama, ajiulize kama kweli anatetea uhai. Hilo halimaanishi kwamba dhambi zote zina uzito mmoja. Lina maana kwamba chama hakiwezi kutuchagulia binadamu wa kumhurumia.

Frateri mwenzangu aliponisikia nikisema haya alicheka: "Siasa ni maslahi, wewe unaleta mahubiri." Lakini kama ni maslahi matupu, kwa nini wanasiasa hawasemi hivyo? Kwa nini kila vita hupewa jina la haki na kila ujanja hupewa jina la katiba? Ni kwa sababu wanajua kwamba ndani ya kila msikilizaji ipo dhamiri ileile iliyowaka ndani ya Daudi. Hapo ndipo lilipo tumaini langu. Na nisiinyime Marekani haki yake: mengi ya haya tunayajua kwa sababu waandishi, watafiti na maseneta wake wenyewe waliyaweka wazi.

Siku moja, Mungu akipenda, nitasimama mimbarini mbele ya waumini wa vyama vyote, hapahapa kwetu. Wakikitambua chama changu kutokana na mahubiri yangu, nusu yao wataziba masikio. Nikinyamaza ili nisimkere yeyote, nitakuwa nimeukimbia unabii, kwani Nathani hakunyamaza mbele ya mfalme wake. Kwa hiyo, frateri, jibu langu ni hili: niko upande wa mwenye mwanakondoo mmoja, bila kujali tajiri aliyempokonya ana kadi ya chama gani.

Wewe msomaji nakuachia zoezi dogo. Leo usiku, habari zikisomwa, liondoe kichwani jina la mtendaji. Weka pale jina la mtu unayempenda, kisha la yule usiyempenda, iwe ni habari ya Washington, ya Dodoma au ya kamati ya parokia yako. Kama moyo wako utatoa hukumu moja mara zote mbili, mshukuru Mungu. Kama utatoa mbili, umepata jambo la kusali kabla ya kulala.