Kabla ya kununua Subaru iliyochoka, baba apite Grogan

Saa mbili asubuhi, Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi tayari imechangamka. Hilo ndilo jina rasmi, ila mafundi, madalali na makanga bado wanaiita Grogan, jina lake la enzi za ukoloni. Upande wa Mto Nairobi, ardhi imekuwa nyeusi kwa oili ya miaka mingi, na milango, bampa na taa zimetundikwa hadi darini. Anayetafuta kioo cha pembeni cha gari la mwaka 2004 huambiwa asubiri kidogo. Kijana anachomoka mbio na muda si muda kioo kimefika. (Kimetoka wapi? Hilo si swali linalopendwa hapa.)

Huku ndiko huishia, mapema au baadaye, Subaru Impreza WRX nyingi zilizokula kilomita. Wenye magari hayo si vijana pekee. Wamo akina baba waliokuwa wanafunzi Colin McRae aliposhinda Safari Rally mwaka 1997 kwa Impreza, wakajiapiza kuwa siku moja nao watalimiliki. Sasa wana kazi na watoto wawili watatu, na mbio zenyewe zilirudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021, kituo kikiwa Naivasha. Gari lina milango minne, viti vitano na buti ya haja. Basi hoja kwamba "hili ni gari la familia" huletwa mezani kwa mama watoto bila aibu.

Hoja hiyo si ya uongo mtupu. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na hewa nyepesi hupunguza nguvu za injini ya kawaida. Turbo huzirudisha. Magurudumu yote manne huvuta, jambo la maana kwa anayewapeleka watoto kwa nyanya yao kijijini wakati wa matope ya Aprili.

Kasoro ni umri. Kenya hairuhusu kuingizwa gari lililozidi umri wa miaka minane, kwa hivyo WRX ya 2005 inayouzwa leo imeshapitia mikono kadhaa humu humu nchini. Herufi za namba yake husema lilisajiliwa lini hapa, si lini liliundwa. Kilomita za kwenye dashibodi zinaweza kurudishwa nyuma, lakini pedali iliyolika hadi chuma na kiti cha dereva kilichobonyea hazirudi. Bomba la moshi pana kama la lori na springi zilizokatwa ni ushahidi kwamba mwenyewe alikuwa akishindana usiku Thika Road. Rekodi za NTSA nazo huonyesha mmiliki halali, na kama kuna benki inayolidai gari hilo.

Cha kuogopwa zaidi ni mkanda wa taimingi, ambao hubadilishwa kila baada ya kilomita 100,000 hivi. Ukikatika gari likiwa mwendoni, vali hugongana na pistoni, na injini ambayo asubuhi ilikuwa nzima jioni ni ya kufunguliwa yote. Jambo hilo likitokea Januari, baba huchagua kati ya injini na karo. Muuzaji asiyekuwa na risiti ya mkanda achukuliwe kuwa hajaubadilisha, hata akiapa. Gharama ya mkanda, pulei zake na pampu ya maji ipunguzwe kwenye bei siku hiyo hiyo.

Tairi pia zina hesabu yake. Kwa kuwa magurudumu yote yameunganishwa, tairi moja mpya kati ya tatu zilizolika huichosha difu ya katikati, ambayo bei yake haichekeshi. Zinanunuliwa nne kwa pamoja. Hata plagi ni kazi: injini imelala ubavu, plagi zimejificha pembeni karibu na fremu ya gari, na fundi hudai pesa za muda wake.

Jaribio zuri halipatikani Grogan kwenye msongamano. Liko kwenye barabara ya zamani ya Mai Mahiu, iliyojengwa na wafungwa Waitaliano wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Kuteremka huonyesha breki: usukani ukitetemeka, diski zimepinda. Kupanda kurudi Limuru huonyesha mengine. Mshale wa joto ukipita katikati na kuendelea kupanda, huenda gasketi ya kichwa cha injini imechoka. Moshi wa samawati nyuma ni oili inayoungua. Juu, penye wauza mahindi ya kuchoma na kofia za ngozi ya kondoo, injini iachwe ingurume taratibu dakika moja au mbili kabla ya kuzimwa, ili turbo ipoe. Kesho yake, ikiwa baridi na gari limesimama mahali tambarare, oili ipimwe. Mwenye gari hili huipima oili mara kwa mara, si mpaka taa iwake.

Muuzaji akikataa safari hiyo kwa kisingizio cha petroli, mnunuzi ajitolee kujaza tangi. Akikataa tena, familia ipande matatu kwenda Naivasha mwaka huu.