Mlima Bila Mzigo

Kaka yangu ni mbeba ndizi. Kila alfajiri hupakia mikungu kwenye keria ya baiskeli yake pale Bugarama, mahali palipo juu ya mita 2,000, kisha hushuka nayo kilomita zipatazo 35 hadi Bujumbura, kando ya Ziwa Tanganyika. Akishauza, hurudi juu akiwa ameshika mkia wa lori kwa mkono mmoja na usukani kwa mkono wa pili. Karo yangu yote ilitoka kwenye keria hiyo. Hata hivyo, nilipojiunga na chuo kikuu na kupewa fomu ya kujaza, mbele ya maneno "kazi ya mlezi" niliandika: mfanyabiashara.

Mwaka wa pili nilipata nafasi ya kusoma muhula mmoja mjini Siena, Italia. Nilipanga chumba kwa mzee mmoja mstaafu aliyekuwa na baiskeli mbili zimetundikwa ukutani kama picha za wazazi. Jumapili moja ya Aprili alinialika tuzunguke njia ambayo yeye huipita kila mwaka: kutoka Siena hadi Monteriggioni, Colle di Val d'Elsa, San Gimignano, Poggibonsi, Castellina in Chianti, kisha Siena tena. Ni takribani kilomita 90, na vilima haviishi.

"Tunakwenda kuchukua nini huko, mzee?" nilimuuliza.

"Hatuchukui kitu. Tunazunguka tu."

Nilidhani Kiitaliano changu kimenipotosha. Kwetu hakuna anayepanda mlima kwa baiskeli bila sababu.

Monteriggioni tuliiona kwa mbali. Ni kijiji kidogo juu ya kilima, kimezungushiwa ukuta wa mawe wenye minara 14. Watu wa Siena walikijenga mwanzoni mwa karne ya 13 ili kuwachunga mahasimu wao wa Florence. Mshairi Dante, alipotaka kueleza majitu yaliyosimama kulizunguka shimo la Jehanamu, aliyafananisha na minara hiyo. Mzee alinieleza hayo bila hata kutweta, nami nilikuwa nyuma yake natafuta pumzi.

San Gimignano nako kuna minara, lakini hiyo haikujengwa kwa ajili ya vita peke yake. Katika Zama za Kati koo tajiri za mji zilishindana, kila moja ikitaka mnara wake uipite ya jirani. Inasemekana ilifika 72. Leo imebaki 14. Nilipoinua macho kuitazama, nilikumbuka lile neno "mfanyabiashara" nililoliandika kwenye fomu. Na mimi nilikuwa nimejijengea mnara.

Kutoka hapo hadi Poggibonsi ni mteremko mrefu, na hapo ndipo nilipojisikia niko nyumbani. Niliinamisha mwili, nikaangalia kona iliyo mbele na si tairi, nikagusa breki kabla ya kona na kuiachia ndani yake. Mzee nilimwacha mbali sana.

Lakini mpanda ngazi hushuka, na aliyeshuka naye hana budi kupanda. Poggibonsi iko bondeni, kwenye mita zipatazo 116 tu. Castellina iko mita 578, na kati yake hakuna hata kilomita 20. Niliweka gia nyepesi kuliko zote. Mashamba ya mizabibu yalipita polepole, kisha polepole zaidi, kisha yakasimama. Nilishuka nikaanza kusukuma, uso chini. Mzee wa miaka zaidi ya 70 alinisubiri kivulini. Nilipomfikia, hakucheka. Alishuka na yeye, akasukuma baiskeli yake kando yangu mpaka miguu yangu ilipopata nguvu tena.

Castellina tulipumzika karibu na Via delle Volte, njia ya kale inayopita chini ya matao ya mawe, usawa wa ukuta wa mji. Tulikula mkate na jibini. Ndipo aliponiuliza:

"Kijana, nani alikufundisha kushuka namna ile?"

Nilifungua mdomo niseme nilijifunza mwenyewe. Maneno hayakutoka. Nikamweleza habari za kaka: mikungu mitano nyuma ya baiskeli, breki zikichoka anakanyaga tairi kwa kandambili, lori, moshi, mvua. Nikamweleza jinsi alivyonifundisha wakati wa likizo, nikiwa na mkungu mmoja tu. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza swali moja: "Na yeye hupumzika lini?"

Sikuwa na jibu. Miaka yote hiyo sikuwahi kumuuliza.

Tuliingia Siena jua likizama. Usiku nilimpigia simu kaka.

"Mdogo wangu, umekula?"

"Nimekula, kaka. Leo nimeendesha baiskeli kilomita 90, milima mitupu."

"Ulibeba nini?"

"Sikubeba kitu."

Alicheka mpaka akakohoa. "Sasa huko juu walikupeleka kufuata nini?"

"Kutazama tu. Vijiji, mashamba, minara ya zamani."

Alinyamaza kidogo. Kisha akasema, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake: "Mimi pia hutazama. Kuna kona moja njiani, ukungu ukifunguka asubuhi, ziwa lote linaonekana mpaka milima ya Kongo. Hapo husimama kidogo. Wenzangu hudhani nakaza kamba za mzigo."

Nilikuwa nimeionea haya kazi yake miaka mingi, na kumbe ndani ya kazi hiyo kulikuwa na mtu nisiyemjua. Wahenga walisema milima haikutani lakini binadamu hukutana. Mimi na kaka yangu, waliolala chumba kimoja utotoni, tulikutana usiku ule kwa simu.

Niliporudi Bujumbura nilipewa fomu nyingine ya mwaka mpya wa masomo. Mbele ya "kazi ya mlezi" niliandika: msafirishaji wa ndizi kwa baiskeli, Bugarama. Karani aliisoma, akagonga muhuri, akaita jina lililofuata.